Muziki kwa Vikundi vya Wanafunzi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika ofisi ya prefe, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi kuna kinanda cha umeme kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kilinunuliwa kwa michango ya wazazi ya mwaka mzima, na kwa kuwa ni mali ya thamani kinafungiwa humo, kikitolewa siku ya kufunga mwaka wa masomo na siku ya wageni rasmi. Nilipoitwa kuwapangia masomo ya muziki wanafunzi 48 wa shule hiyo, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa kama kinanda kimoja kingetosha. Nilijibu kwamba hata vinane visingetosha, na kwamba kwa miezi mitatu ya kwanza hakikuhitajika hata hicho kimoja. Prefe alidhani namtania. Dhana ninazozieleza hapa nimezisikia kwa watu wa namna yake, wenye nia njema kabisa, na pia kwa wazazi, kwa viongozi wa kwaya na kwa wanafunzi wenyewe.

Dhana: bila vyombo hakuna somo la muziki

Dhana hii ndiyo inayokwamisha mipango mingi, kwa sababu kamati hutia fedha zake zote kwenye chombo, kisha hukosa cha kumlipa mtu wa kukifundisha. Wanafunzi 48 wakipokezana kinanda kimoja kwa saa moja, kila mmoja anapata dakika moja na sekunde 15, na muda uliobaki anakaa akimtazama mwenzake. Umeme ukikatika, jambo ambalo mkazi wa mitaa yetu kama Katuba au Ruashi hahitaji kuelezwa, hata dakika hiyo inapotea.

Sauti ya mwanafunzi haina waya. Katika karne ya 19, mchungaji Mwingereza John Curwen, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, alieneza mfumo wa kuimba kwa do, re, mi bila mistari ya noti, akauongezea alama za mikono. Baadaye njia ya mtunzi wa muziki Zoltán Kodály wa Hungaria ilizichukua alama hizo na kuzifanya sehemu ya somo la shule. Do ni ngumi iliyofungwa usawa wa kiuno, mi ni kiganja kilicholazwa kikitazama chini, sol ni kiganja kinachomwelekea mwimbaji mwenyewe kidole gumba kikiwa juu, na mkono unapanda kadiri sauti inavyopanda. Mwalimu anasimama mbele ya darasa zima, hasemi neno, anainua mkono kutoka do hadi sol, na watoto wote 48 wanaimba kile wanachokiona. Baada ya wiki kadhaa anatumia mikono miwili, wa kulia kwa nusu ya darasa na wa kushoto kwa nusu nyingine, na hapo sauti mbili zinapatana bila karatasi wala senti. Mapigo yanafundishwa kwa makofi, kwa miguu na kwa ubao wa dawati. Chombo kikija baadaye, kinamkuta mwanafunzi ambaye sikio lake tayari linajua vidole vinatafuta nini.

Dhana: anayejua kupiga anajua kufundisha

Mpiga gitaa hodari wa bendi au wa kanisa huja darasani, hupiga kwa dakika 50, wanafunzi hushangilia, kisha hurudi nyumbani wakiwa wamejua jambo moja tu, kwamba yule bwana anapiga gitaa vizuri. Kufundisha kundi ni ufundi mwingine. Kunahitaji kuukata wimbo vipande vinavyomezeka, kutambua nani amekosea bila kumwaibisha mbele ya wenzake, na kuwapa kazi walio mbele wakati walio nyuma wanarudia. Kabla ya kumwajiri mtu, mwombe atoe somo moja kwa wanafunzi 20, nawe uketi nyuma na saa mkononi, uhesabu dakika ambazo wanafunzi wenyewe wanaimba au wanapiga. Zisipofika nusu ya kipindi, huyo ni mwanamuziki wa kualikwa kwenye tamasha, na heshima yake ibaki hapo. Sisemi hivi kwa dharau, maana katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha mimi mwenyewe nisingefaulu mtihani huo.

Dhana: asiye na sauti aondolewe

Wapo watu ambao ubongo wao haupambanui vizuri sauti ya juu na ya chini, lakini ni wachache sana. Wengi wanaoambiwa kwamba hawana sauti walianzishiwa wimbo juu mno au chini mno, au hawakuwahi kupewa nafasi ya kusikiliza kwanza kabla ya kufungua kinywa.

Wanaoonewa zaidi ni wavulana. Kati ya miaka 12 na 15 hivi koo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka kwa takriban oktava moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, na kwa miezi kadhaa inapasuka katikati ya neno bila kutoa taarifa. Kiongozi wa kikundi, kwa kuogopa aibu ya jukwaani, humwambia mtoto apumzike mpaka sauti itulie. Mtoto anapumzika, sauti inatulia, na yeye harudi tena. Kisha kiongozi yuleyule hulalamika kwamba shule haina sauti za kiume, si tenori wala besi. Kijana wa umri huo apewe sehemu finyu yenye noti tano au sita zilizo katikati ya uwezo wake wa siku hiyo, aruhusiwe kunyamaza koo linapochoka, na asilazimishwe kubaki kwenye soprano, sauti ya juu kabisa, eti kwa sababu mwaka uliopita aliimba vizuri. Sauti za wasichana nazo hubadilika, ingawa kwa upole zaidi. Kwa muda huweza kuwa na hewa nyingi ndani yake, na mwalimu asidhani kwamba ni uvivu.

Naulizwa mara kwa mara pia kama wasichana wanaruhusiwa kupiga ngoma: zipo ngoma za mila zenye masharti yake, na wa kuulizwa juu ya hizo ni wazee wenyewe. Ngoma ya shule haimo katika masharti hayo.

Dhana: Jumamosi moja ndefu inatosha

Vipindi viwili vya dakika 45 katika juma huzaa matunda kuliko saa tatu za mfululizo, kwa kuwa jambo linalorudiwa baada ya siku chache hushika kuliko lile linalorundikwa kwa mara moja, na kwa kuwa koo la mtoto halihimili saa tatu. Ratiba ipangwe pia kwa kutazama kalenda. Mwaka wa masomo unaanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Julai, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakabiliwa na mtihani wa serikali. Kikundi kilichoweka besi zake zote kwa wanafunzi hao kitajikuta hakina besi pale wanapoanza kujifungia na madaftari. Saa ya kumaliza mazoezi, au repetisyo kama wanavyosema vijana, iamuliwe na mtoto anayekaa mbali kuliko wote, ili afike kwao kabla ya giza.

Dhana: mwalimu wa muziki anafanya kwa upendo

Mwalimu wa hesabu naye anaipenda hesabu. Ukurasa mmoja wa makubaliano unatosha, ukitaja idadi ya vipindi, malipo ya kila kipindi, nani ananunua nyuzi zinazokatika, na kama kipindi kilichofutwa na shule asubuhi ileile kinalipwa. Katika mji wetu, ambako bei hutajwa kwa dola na malipo hutoka kwa faranga, pawepo na mstari unaosema ni sarafu ipi na kwa kiwango cha siku gani. Nimeona ushirikiano mzuri wa miaka miwili ukivunjika kwa sababu ya mstari huo mmoja uliokosekana.

Dhana: muziki wa kwetu si wa darasani

Huwa nashangaa kusikia neno hili likisemwa Lubumbashi. Mji huu, ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, ulikuwa na Joseph Kiwele, aliyefariki mwaka 1961, mwalimu wa muziki aliyetunga misa kwa kutumia nyimbo na midundo ya Katanga na kuonyesha kwamba noti za Ulaya na mapigo ya huku vinaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada ulisikika mbali sana na Katanga. Mtindo huo ni somo kamili la gitaa: gumba linashika besi isiyoyumba, shahada inazungumza juu yake, na mwanafunzi anajifunza kugawa akili yake sehemu mbili. Desemba 2021 UNESCO iliiandikisha rumba ya Kongo, kwa maombi ya nchi zote mbili za Kongo, katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Baada ya hayo yote, bado kuna mzazi anayeamini kwamba mtoto hajaanza muziki mpaka apige kipande cha Mjerumani.

Karindula, chombo cha nyuzi cha huku kwetu, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa vikundi, kwa sababu wanafunzi wanaweza kuiunda wenyewe. Mwili wake ni pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, shingo yake ni ubao, na nyuzi zake ni nne. Katika kuiunda, wanagundua kwa mikono yao kwamba uzi uliokazwa zaidi unalia juu na kwamba uzi mrefu unalia chini, jambo ambalo mwalimu wa fizikia angelieleza ubaoni kwa kipindi kizima. Kasoro yake ni masika. Unyevu hulegeza ngozi, na onyesho letu moja la Februari lilikaribia kuharibika namna hiyo: mvua ilinyesha tangu alfajiri, na saa tisa ngozi ilikuwa inatoa mlio wa gunia. Mlinzi wa shule, mzee aliyepiga karindula ujanani, aliagiza mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, akaisogeza kwenye ngozi, akalizungusha pipa polepole huku akiigonga kwa ncha ya kidole na kutega sikio kila mara, mpaka sauti ikarudi. Tulianza kwa kuchelewa dakika 20. Tangu hapo, katika orodha ya vifaa ninayompelekea prefe kila Septemba, mbabula na makala yake vinaandikwa juu ya kinanda.