Kurekebisha Umbo la Pua: Unachopaswa Kukitarajia

Wengi wanaokuja kutuuliza juu ya upasuaji wa pua huja na picha kwenye simu. Basi tuanze na hiyo simu. Picha ya kujipiga mwenyewe, kamera ikiwa kama sentimita 30 kutoka usoni, huionesha pua pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita 1.5. Mpe mwenzako simu, arudi nyuma hatua mbili, akupige tena. Wapo wanaoghairi hapo hapo, nami hufurahi.

Anayebaki na nia yake tutamuuliza kwanza anapumuaje. Ukuta wa kati wa pua ukiwa umepinda, huweza kunyooshwa katika upasuaji huo huo. Na pua iliyopunguzwa kupita kiasi huweza kubana pumzi. Kijana ambaye uso wake bado unakua husubirishwa.

Upasuaji hufanywa kwa nusukaputi, mara nyingi saa moja na nusu hadi tatu. Kupunguza pua, daktari huchonga mfupa na gegedu, ile tishu ngumu kiasi inayopindika. Kuinua pua bapa, huongeza gegedu iliyotolewa ukuta wa kati, sikioni au ubavuni. Mwenye makovu yanayoota na kuvimba (keloidi) aseme mapema. Sigara na shisha ziachwe wiki kadhaa kabla, na dawa zote unazotumia zitajwe, za kienyeji pia, kwani baadhi huzidisha kutoka damu.

Siku za mwanzo kioo hakitakufurahisha. Macho yamevimba, damu imevilia chini yake, pua imeziba na juu yake pana banzi, kifaa kigumu cha kuishikilia, ambalo hutolewa baada ya kama wiki moja. Usipenge kamasi, chafya itoke mdomo ukiwa wazi. Jamaa wakija kukujulia hali, wasikufukizie udi.

Suala la sala huulizwa sana. Kuinama huongeza msukumo wa damu puani, na kusujudu huigandamiza pua, kwa hiyo huwashauri wagonjwa wasali kwa kukaa na kuashiria mpaka daktari awaruhusu. Maji ya udhu yasipandishwe puani. Namna ya kutawadha ukiwa na banzi, muulize sheikh wako. Miwani, na nikabu inayobana, visiegemee mfupa wa pua kwa wiki 4 hadi 6. Wapiga mbizi wa Nungwi wasivae miwani ya kuzamia bila ruhusa.

Uvimbe mwingi hupungua ndani ya miezi michache, lakini ncha ya pua hukawia. Umbo la mwisho huonekana baada ya mwaka, na kwa wenye ngozi nene, zaidi. Ndiyo maana anayelalamika mwezi wa pili haturudi kumpasua, ingawa takriban watu 5 hadi 15 katika kila 100 hatimaye huhitaji marekebisho.

Ukitoka Pemba kwenda kupasuliwa Dar es Salaam au nje, bajeti yako ihesabu siku za kukaa huko mpaka banzi litoke, na jua mapema nani atakuangalia ukirudi.

Sindano za kujaza pua zinazochomwa saluni siziafiki hata kidogo. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi huweza kufa na jicho kupofuka. Baada ya sindano, ukiona maumivu makali, ngozi kupauka au macho kuingia giza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.