Kura za wasomaji na mifululizo ya fantasia: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Orodha ya vitabu bora vilivyochaguliwa kwa kura za wasomaji ikitoka tu, ugomvi huanza. Mmoja anauliza imekuwaje Harry Potter akose nafasi, mwingine anaapa kura zimechakachuliwa, wa tatu hajasoma hata kimoja kati ya vilivyotajwa ila filamu zote amezitazama. Mimi napenda riwaya za fantasia na napenda pia kuona kura zinavyohesabiwa, na kadiri ninavyozifuatilia orodha hizi ndivyo ninavyoona kwamba watu hawagombanii vitabu hasa. Wanagombania matokeo ya kanuni ambazo karibu hakuna aliyejisumbua kuzisoma.

"Kilichoshika namba moja ndicho bora"

Mwaka 2003 BBC iliwauliza Waingereza swali moja: ni riwaya gani unayoipenda kuliko zote? Kampeni hiyo iliitwa The Big Read. Mwishoni The Lord of the Rings, riwaya ya fantasia ya Mwingereza J. R. R. Tolkien, ilipata kura zipatazo 174,000, ikaipita Pride and Prejudice iliyopata kama 135,000. Swali lilikuwa juu ya kupenda, na jibu ni hilo hilo: hiki ndicho kitabu kilichosomwa na wengi wakakishikilia moyoni. Aliyesoma mifululizo minne maishani mwake huchagua katika hiyo minne. Kitabu kizuri ajabu kilichouzwa nakala chache hakina wa kukipigia kura.

Badilisha wapiga kura uone. Mwaka 1966, kwenye kongamano la mashabiki mjini Cleveland, Marekani, tuzo ya Hugo, ambayo mashabiki wa fantasia na hadithi za kisayansi huipigia kura, ilitolewa kwa mfululizo bora wa wakati wote. Tolkien alikuwa miongoni mwa wagombea, akashindwa. Aliyeshinda ni Isaac Asimov kwa Foundation, ambayo ni hadithi ya kubuni ya kisayansi na wala si fantasia, na Asimov mwenyewe alikuja kuandika kwamba alitarajia Tolkien achukue. Ukumbini walijaa wapenzi wa vyombo vya anga, na toleo la bei nafuu la Tolkien lilikuwa limeingia madukani Marekani mwaka mmoja tu kabla. Neno halikubadilika hata moja katika vile vitabu kati ya Cleveland na BBC. Waliobadilika ni watu.

"Ni filamu zinazoamua"

Filamu husaidia, hilo halina ubishi. Fainali ya The Big Read ilirushwa tarehe 13 Desemba 2003, na filamu ya tatu iliyotokana na The Lord of the Rings ikaingia kumbi za sinema za Uingereza siku nne baadaye. Ukiishia hapo utasema kesi imekwisha. Lakini Januari 1997, maduka ya vitabu ya Waterstone's na kituo cha Channel 4 walitangaza matokeo ya kura yao ya vitabu vya karne, na aliyeongoza alikuwa Tolkien huyo huyo. Filamu ya kwanza kati ya hizo tatu ilitoka Desemba 2001. Wahakiki walikasirika sana mwaka ule, na hawakuwa na filamu hizo za kuzisingizia.

Tena, redio ya umma ya Marekani, NPR, ilipopigisha kura yake ya vitabu vya fantasia na vya kubuni vya kisayansi mwaka 2011, mifululizo ya fantasia ya Mistborn na Malazan iliingia katika mia bora bila filamu wala tamthilia ya televisheni. Malazan ni vitabu kumi vinene vinavyomtupa msomaji katikati ya vita pasipo kumweleza nani ni nani. Aliyevimaliza hahitaji kukumbushwa kupiga kura.

"Wasomaji wa Marekani walimkataa Harry Potter"

Huu ndio uvumi ninaoukuta mara nyingi kuliko wote, na ushahidi wake huwa ni hiyo hiyo orodha ya NPR. Ni kweli Potter hayumo. Hayumo kwa sababu hakuwa na haki ya kugombea. Waandaaji walipokea mapendekezo zaidi ya elfu tano, wakakaa na jopo la wataalamu, wakachuja hadi kubaki 237. Katika mchujo huo waliviondoa vitabu vyote vinavyohesabiwa kuwa vya vijana, na vya kutisha navyo wakaviweka kando. Narnia, mfululizo wa watoto wa C. S. Lewis, ilitoka kwa mlango huo huo. Wasomaji zaidi ya 60,000, kila mmoja akiwa na nafasi kumi, walichagua kutoka kwenye kilichobaki. Mwaka uliofuata NPR ilipigisha kura ya vitabu vya vijana peke yake, na namba moja akawa Harry Potter.

Kwenye The Big Read kanuni ilikuwa nyingine, na athari yake inaonekana kwa macho. Kila mwandishi aliruhusiwa kitabu kimoja tu katika nafasi 21 za juu. Kitabu cha nne cha Potter kilishika nafasi ya 5. Vile vitatu vya mwanzo viko wapi? Nafasi ya 22, 23 na 24, vimepangana mlangoni kama watu walionyimwa kuingia ukumbini. Mtu asiyeijua kanuni atadhani wasomaji wamevishusha, kumbe ni waandaaji.

Halafu kuna swali ambalo ndilo linaloamua nusu ya matokeo: mfululizo ni kitu gani? The Lord of the Rings, kwa jinsi Tolkien alivyoiandika, ni riwaya moja. Iligawanywa juzuu tatu na kutolewa kati ya 1954 na 1955 kwa sababu karatasi ilikuwa ghali na mchapishaji hakuwa na uhakika wa soko. BBC iliihesabu kuwa kitabu kimoja. His Dark Materials ya Philip Pullman, ambayo kweli ni vitabu vitatu, nayo ilihesabiwa kuwa kimoja, ikashika nafasi ya tatu. Sasa mtazame Terry Pratchett. Discworld yake ina riwaya 41, na BBC iliacha kila moja ijitegemee. Aliyempenda Pratchett alitaja Mort, jirani yake akataja Guards! Guards!, mwingine Night Watch. Pratchett aliingiza majina matano katika mia bora, likiwemo moja aliloandika na mwenzake, na vingine vikajaa kati ya 101 na 200. Lakini kilichofika juu zaidi, Mort, kiliishia nafasi ya 65. Kura zake zingekusanywa kapu moja kama zilivyokusanywa za Pullman, sidhani kama tungekuwa tunamtafuta huko chini.

Tuzo ya Hugo, iliporudi na kipengele cha mfululizo bora miaka ya karibuni, ilibidi iandike ufafanuzi: juzuu zisizopungua tatu na maneno yasiyopungua 240,000 kwa jumla. Unaweza kuicheka kanuni hiyo kwa ukavu wake, lakini angalau iko wazi kabla ya kura kuanza.

"Mwenye kura nyingi ameshinda, hesabu haina ubishi"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanaponibishia zaidi.

Chukua wasomaji tisa na mifululizo mitatu ya kubuni: Majoka, Majini na Visiwa. Wanne wanaipenda Majoka kwanza, kisha Majini, mwisho Visiwa. Watatu wanaanza na Visiwa, kisha Majini, mwisho Majoka. Wawili waliobaki wanaanza na Majini, kisha Visiwa, mwisho Majoka.

Ukihesabu chaguo la kwanza tu, Majoka imepata 4, Visiwa 3, Majini 2. Majoka imeshinda.

Sasa toa alama: chaguo la kwanza 2, la pili 1, la tatu 0. Majoka inapata 8 kutoka kwa wale wanne na kwa wengine haipati kitu. Visiwa inapata 6 kwa watatu na 2 kwa wawili, jumla 8. Majini inapata 4, 3 na 4, jumla 11. Majini, ambayo ilikuwa ya mwisho, ndiyo bingwa.

Njia ya tatu ni kumtoa aliye mkiani na kuwauliza wapiga kura wake chaguo lao linalofuata. Majini inatoka, wawili wake wanahamia Visiwa, Visiwa inafika 5 dhidi ya 4 za Majoka. Visiwa imeshinda.

Watu ni wale wale tisa na hakuna aliyebadili mawazo, lakini mabingwa ni watatu. Wafaransa Borda na Condorcet waliligombania jambo hili tangu karne ya 18, na mpaka leo hakuna njia ya kuhesabu isiyo na kasoro. Hugo hutumia hiyo njia ya tatu. NPR ilimpa kila mtu chaguo kumi zenye uzito sawa, kwa hiyo kitabu ambacho kwa wengi ni cha nane au cha tisa kinaweza kukipita kile ambacho wachache wangekifia. Hakuna wizi katika hayo yote. Ila kabla ya kusema "wasomaji wamesema," ni vizuri kujua waliulizwa kwa namna gani.

"Mashabiki wakijipanga, huo ni wizi"

Hapa mambo mawili huchanganywa. Mwaka 1998 Modern Library, wachapishaji wa vitabu wa Marekani, ilitoa orodha mbili za riwaya mia za karne ya 20, moja ya jopo na nyingine ya wasomaji. Kumi bora ya wasomaji ilikuwa na vitabu vinne vya Ayn Rand, mwandishi aliyetetea ubepari, na vitatu vya L. Ron Hubbard, mwanzilishi wa dini ya Scientology. Tolkien, bingwa wa kura za Uingereza, aliambulia nafasi ya nne. Waandishi wale wawili wana wafuasi waaminifu kupita kiasi, na uaminifu si kosa. Kampeni ni sehemu ya kura. Tatizo ni kuichukua orodha ya namna hiyo na kuiita sauti ya msomaji wa kawaida.

Hugo walipata dozi yao mwaka 2015, makundi mawili yalipowagawia wafuasi orodha ya majina ya kupendekeza, wakateka vipengele vingi. Kanuni hazikuvunjwa, ila wapiga kura walilipiza: vipengele vitano viliishia na uamuzi kwamba hakuna anayestahili tuzo. Baadaye wakabadilisha hesabu ya uteuzi ili kundi dogo lililojipanga lisibebe nafasi zote.

Wizi wenyewe una sura nyingine. Mwaka 2024, kongamano likiwa Glasgow, wasimamizi wa Hugo walifuta kura 377. Kupiga kura ya Hugo unalipia uanachama, kwa hiyo kuna mtu alitoa pesa. Kilichowaumbua ni majina: wanachama waliofuatana wenye jina la ukoo lile lile, ila herufi ya kwanza inabadilika kwa mpangilio wa alfabeti, na wengine ambao majina yao yalikuwa ni tafsiri ya namba zinazofuatana. Ukisikia wapiga kura hewa, ndio hao. Wasimamizi walisema wazi pia kwamba hawakuona dalili kuwa mgombea aliyepigiwa kura hizo alijua lolote.

"Wastani wa nyota ni kura pia"

Nyota ambazo wasomaji huvipa vitabu mtandaoni si kura. Juzuu ya tisa ya mfululizo mrefu mara nyingi ina wastani wa juu kuliko ya kwanza, na sababu ni rahisi: waliochoshwa waliishia juzuu ya kwanza au ya pili, wakaacha nyota mbili na kwenda zao. Waliofika ya tisa ni wapenzi watupu.

"Ni orodha ya dunia"

Ni orodha za wanaosoma Kiingereza. Vitabu vya The Witcher vya Andrzej Sapkowski vilikuwa na wasomaji wengi Poland tangu miaka ya 1990, lakini kitabu cha kwanza kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2007, kwa hiyo mwaka 2003 Mwingereza hakuwa na cha kupigia kura. Nasi pia. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ina majini na ndugu waliogeuzwa manyani wanaochapwa mijeledi kila usiku, na katika kura hizi haina hata karatasi ya kuandikiwa jina. Na sisi tungepigisha kura yetu, nadhani vitabu vilivyowahi kutahiniwa shuleni vingebeba nafasi zote za juu, maana ndivyo tulivyovisoma wengi wetu.

"Mfululizo usiokwisha haupewi kura"

Hili ningetamani liwe kweli, lakini takwimu zinakataa. Katika kura ya NPR ya 2011, A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin ilishika nafasi ya tano. Kitabu chake cha tano kilitoka Julai mwaka huo huo, na cha sita hakijatoka. The Wheel of Time ilikuwa ya 12 ilhali mwandishi wake, Robert Jordan, alishafariki mwaka 2007 na juzuu ya mwisho, iliyokamilishwa na Brandon Sanderson, ikatoka Januari 2013. The Kingkiller Chronicle ya Patrick Rothfuss ilishika nafasi ya 18 ikiwa na vitabu viwili kati ya vitatu vilivyoahidiwa. Cha tatu bado kinasubiriwa, na sijui waliokipigia kura ya mapema wangesema nini wakiulizwa upya leo.