Maji ya kisimani ni safi, ya kikombeni je?

Vijana wanaotaka kusomea uhandisi wa mazingira huniuliza kama kazi ya maji ni kuchimba visima. Ni sehemu yake, tena si ile ngumu. Mtambo ukishafika, kisima kirefu huweza kukamilika kwa siku chache. Kichwa kinauma baadaye: maji haya yana nini ndani, yatafika mdomoni yakiwa bado salama, na pampu ikifa nani ataifufua?

Bangladesh swali la kwanza liliulizwa nusu. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya pampu za mkono vilienezwa huko ili watu waache maji ya madimbwi, yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Maji yalitoka maangavu, hayana harufu. Arseniki, sumu ya asili inayotoka ardhini, haikupimwa. Ilipogunduliwa visimani mwaka 1993, watu walikuwa wameshainywa kwa miaka mingi, nayo huleta madoa ya ngozi na hata saratani. Pampu zikapimwa na kupakwa rangi: nyekundu ya kufulia, kijani ya kunywa. Kuna mahali pampu ya kijani ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye nyekundu, kwa hiyo kupima kisima kimoja na kukisia cha jirani hakufai. Floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, nayo haionekani kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke ndiyo kwanza inakolea. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Arseniki ni 0.01.

Sasa njoo nyumbani kwa mtu. Tunapokwenda kupima klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa majini, tunabeba kichupa, vidonge vya DPD (kemikali inayogeuka waridi ikikuta klorini) na kadi ya rangi. Bombani unajaza kichupa hadi kwenye alama, unaponda kidonge ndani, unatikisa, na maji yanageuka waridi. Kadi inasoma miligramu 0.5 kwa lita. Vizuri. Kisha unabisha hodi, unaomba maji yaleyale kutoka kwenye ndoo ya kunywa. Mara nyingi kichupa hakibadiliki rangi hata kidogo. Klorini imemalizwa na utando wa ndani ya ndoo na mikono iliyozama na kikombe. Tunataka walau 0.2 ibaki mpaka hapo. Ndiyo maana ndoo yenye mfuniko na koki ni kifaa cha kihandisi kama lilivyo tanki, ingawa hakuna anayeizindua kwa kukata utepe.

Kuzidisha dozi nako si jibu. Watu husema maji yananuka dawa, wanarudi mtoni, na hesabu zako zote zinabaki kwenye karatasi. Maji yenye tope yachujwe kwanza, kwa sababu tope hula klorini, kisha dawa ipewe dakika 30 kabla mtu hajanywa.

Chuoni utasoma kemia, mikrobiolojia na mwendo wa maji kwenye mabomba. Uhasibu mdogo utajifunza kwa shida. Afridev, pampu iliyobuniwa miaka ya 1980 ili wanakijiji waitengeneze wenyewe, huweza kusimama kwa sababu ya kipande cha mpira wa kuziba kilichochakaa. Kabla sijasaini mchoro wowote nauliza mpira huo unauzwa wapi, na pesa ya kuununua inakaa kwa nani. Nikijibiwa “tutaona”, kalamu inarudi mfukoni.