Sura ya nje ya nyumba: maana yake kwa anayeuza Goma

Sura ya nje ya nyumba inayouzwa ni yale mnunuzi anayoyaona akiwa bado barabarani, kabla geti halijafunguliwa: ukuta wa uzio, geti lenyewe, ukingo wa mabati na njia ya kuingilia. Haiongezi ukubwa wa parseli, wala haichukui nafasi ya cheti cha usajili ambacho mnunuzi makini lazima akiombe. Inamwonyesha tu kwamba nyumba imetunzwa. Akikuta kutu na rangi iliyobanduka, ataanza kupunguza bei moyoni hata kabla ya kusalimiana.

Kwa hiyo kutengeneza sura ya nje si kupamba. Ni kuondoa alama za uzembe, na Goma alama hizo zina sababu zake.

Kubwa kuliko zote ni mabati. Gesi za volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huyeyuka katika mvua na kuitia asidi. Asidi hula zinki, chuma kikabaki wazi. Kagua matundu ya misumari, kingo zilizokatwa na pale bati moja linapolalia jingine, maana kutu huanzia huko. Bati linalotoboka kwa ncha ya bisibisi libadilishwe, lisipakwe. Lililo gumu bado lisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka unga wa kahawia uishe, lioshwe kwa maji ya sabuni na likauke kabisa. Kisha mkono mmoja wa rangi ya kuzuia kutu, na miwili ya rangi ya mafuta. Anayeruka brashi ataona rangi ikinyanyuka baada ya muda mfupi, kwa kuwa imeshika kutu, haikushika bati. Kama nyumba inakinga maji ya mvua, tenganisha mfereji na tangi siku zote za kazi, usiurudishe mpaka paa limeoshwa.

Ukuta wa mawe meusi ya volkano usipakwe rangi. Jiwe lile lina vitundu vingi, linakunywa rangi bila kujaa, na kwa macho yetu ni zuri lilivyo. Kinachochakaa ni viungo. Chokoa saruji iliyolegea kina cha sentimita 2, lowesha mawe vizuri, ndipo ujaze mchanganyiko wa saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Jiwe kavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika, na kiungo hugeuka unga.

Ukuta uliopigwa plasta unahitaji hesabu. Uzio wa mita 15 kwa 2.5, ukitoa geti la mita 3.5, unabaki na mita za mraba 29 hivi. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 7 au 8. Plasta yenye mikwaruzo hula zaidi. Plasta mpya ingoje wiki nne. Usipake chokaa juu ya rangi ya maji ya zamani, haishiki.

Nyumba ya mbao iliyopakwa oili chafu ya gari haipokei rangi. Isugue, badilisha mbao zilizooza chini, uiache na weusi wake ukiwa safi.

Nyufa zisizibwe kwa rangi. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua kuta nyingi mjini, na wanunuzi wanajua kutazama. Ufa unaopita ukuta mzima uonyeshwe na bei iuzingatie. Kuuficha ni kumdhulumu mtu atakayelala humo na watoto wake.

Ua hauhitaji mengi. Changarawe nyeusi ya unene wa sentimita 5 kwenye mita za mraba 20 ni mita moja ya ujazo, na inazuia matope kurukia ukuta. Maua panda kwenye ndoo za udongo, kwani juu ya lava mizizi haina pa kushuka.

Anza na mabati, kwa sababu unga wa kutu hudondokea ukutani. Fuata ukuta, halafu geti. Changarawe imwagwe mwisho, ngazi na makopo yakiwa yameondolewa.