Tatenda Taibu: unahodha nyuma ya vijiti

Vijana ninaowafundisha ulinzi wa wiketi katika kriketi hapa Tanga hubishana mara nyingi kama mlinda wiketi, yule anayedaka mipira nyuma ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, anafaa kupewa unahodha, na karibu kila anayeunga mkono humtaja Mahendra Singh Dhoni. Dhoni aliiongoza India kutwaa ubingwa wa dunia wa ova 20 (ova moja ni mipira sita) mwaka 2007, Kombe la Dunia la ova 50 mwaka 2011 na Kombe la Mabingwa mwaka 2013, na hakuna wa kumpunguzia heshima hiyo. Hata hivyo, katika kikosi cha mwaka 2011 alikuwa na nyota kama Sachin Tendulkar, Yuvraj Singh na Zaheer Khan, na nahodha mwenye watu wa namna hiyo hatuonyeshi vizuri uzito wa kazi zile mbili zinapomwangukia mtu mmoja. Anayetaka kuuona uzito huo na amtazame Tatenda Taibu wa Zimbabwe, ambaye timu yake ilishindwa mechi nyingi sana akiwa nahodha, lakini kwa maoni yangu ndiye anayetufundisha zaidi.

Taibu alizaliwa Harare tarehe 14 Mei 1983, akakulia Highfield, na akasoma Churchill, shule iliyotoa wachezaji kadhaa wa timu ya taifa wa rika lake. Alianza kuichezea Zimbabwe mwaka 2001 akiwa na miaka 18, chini ya kivuli cha Andy Flower, mlinda wiketi na nahodha wa zamani ambaye mwaka 2000 aliwapiga India mikimbio (yaani alama) 232 mjini Nagpur bila kutolewa. Mwaka 2002, huku akiwa tayari mchezaji wa timu ya wakubwa, aliiongoza Zimbabwe katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 19 huko New Zealand na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Nawakumbusha wanafunzi wangu jambo hilo kwa sababu vijana wa Tanzania nao walifuzu mashindano hayohayo kwa mara ya kwanza, yale ya mwaka 2026 yaliyopangiwa Zimbabwe na Namibia.

Kimo chake kilikuwa kifupi, kama sentimita 165, na katika kazi hii ufupi ni mtaji. Mrushaji wa spini, yaani mpira wa polepole unaozungushwa, anapokuwa kazini, mlinda wiketi husogea hadi karibu kabisa na vijiti, akachuchumaa na glavu zikigusa ardhi, kisha akainuka kwa kufuata mpira unavyodunda, asiinuke kabla yake. Mrefu anayewahi kusimama huachia mpira ukapita chini ya mikono. Taibu alibaki chini hadi dakika ya mwisho, mikono yake ikiupokea mpira kwa ulaini, na kwa sababu hakuwa na safari ndefu ya kuurudisha kwenye vijiti, mpigaji aliyeinua kisigino nje ya mstari wake wa kupigia alikuwa ameshatoka kabla hajageuka. Katika mechi 150 za siku moja aliwatoa wapigaji 33 kwa njia hiyo pekee, mbali na waliotoka kwa kudakwa.

Mahali hapo ndipo hoja ya unahodha inapopata nguvu. Mlinda wiketi ndiye mchezaji pekee wa upande unaorusha ambaye hutazamana na kila mpira. Anaona miguu ya mpigaji inavyosogea, anajua kwa mikono yake kama uwanja umepungua kasi au umeongezeka, na anaona pengo kati ya walinzi wawili ambalo nahodha aliyesimama pembeni hawezi kuliona. Kwa upande mwingine, siku kamili ya mechi ya Testi, ile ya hadi siku tano ambayo kila timu hupiga mara mbili, ina ova 90, yaani kuchuchumaa mara 540 kabla ya kuhesabu mipira iliyobatilishwa, na kila mara akili yote lazima iwe kwenye mpira mmoja tu. Nahodha anayepanga mbinu za ova tatu zijazo huku mrushaji akikimbia ataudondosha mpira. Tena yuko mbali na mrushaji wake, hawezi kumfuata kumtuliza baada ya kila mpira, kwa hiyo analazimika kumtegemea mwenzake aliyesimama karibu na mrushaji apeleke ujumbe. Na siku mbili za kulinda zikiisha, anavua glavu, anavaa pedi za kupigia na kuingia uwanjani akiwa na mapaja yaliyochoka.

Taibu alibebeshwa mzigo huo mwaka 2004 katika mazingira mabaya kupita kiasi. Mwezi Aprili nahodha Heath Streak aliondoka katika mgogoro na wasimamizi wa kriketi kuhusu uteuzi wa wachezaji, na kundi la wachezaji wenye uzoefu likasusa pamoja naye. Tarehe 25 Aprili kikosi kilichobaki, wengi wao vijana, kilitolewa chote na Sri Lanka kikiwa kimepata mikimbio 35 tu mjini Harare, idadi ndogo kuliko zote zilizokuwa zimewahi kupatikana hadi wakati huo katika mechi za siku moja za kimataifa. Mwezi Mei Taibu akawa nahodha mdogo kuliko wote katika historia ya Testi, akiwa na miaka 20 na siku 358, rekodi iliyodumu hadi Rashid Khan wa Afghanistan alipoivunja mwaka 2019. Testi zote mbili dhidi ya Sri Lanka zilipotea kwa tofauti kubwa mno. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na kijana huyu alitupiwa kila taka ambayo haikuwa yake.

Mechi ninayowashauri walinda wiketi kuisoma kadi yake mstari kwa mstari ni ile ya Dhaka, Januari 2005. Siku chache kabla, Bangladesh walikuwa wameshinda Testi yao ya kwanza kabisa, dhidi ya Zimbabwe hiyohiyo, mjini Chittagong. Huko Dhaka Zimbabwe walipata 298, na Taibu alibaki na 85 bila kutolewa. Akalinda wiketi Bangladesh walipopata 211. Kisha akapiga 153 katika jumla ya 286, yaani zaidi ya nusu ya mikimbio yote ya timu, na ndiyo mara pekee aliyofikisha mikimbio mia katika Testi zake 28. Bangladesh waliopewa lengo la 374 wakang'ang'ania, wakamaliza kwa 285 huku watano tu wakiwa wametolewa hadi muda ulipoisha, mechi ikawa sare na mfululizo ukawa wao. Katika mechi hiyo Taibu alifanya kila awezalo mtu mmoja. Kilichokosekana ni warushaji wa kuwatoa watano waliobaki.

Novemba mwaka huohuo alijiuzulu na kuondoka nchini, baada ya kugombana na wasimamizi na kueleza kwamba yeye na familia yake walitishwa. Alirudi timu ya taifa mwaka 2007, akawa kwenye kikosi kilichoirejesha Zimbabwe katika Testi mwaka 2011 kwa kuwafunga Bangladesh mjini Harare, akastaafu Julai 2012 akiwa na miaka 29 ili alitumikie kanisa. Baadaye alikuwa kocha wa Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024.

Mimi, kwa hiyo, simkatazi mlinda wiketi wa Tanga kuwa nahodha, ila namwekea masharti. Ampe naibu wake, anayesimama karibu na mrushaji, mamlaka kamili ya kusogeza walinzi bila kumngoja. Uamuzi wa nani arushe ova inayofuata aufanye wachezaji wanapobadilishana upande, mrushaji akianza kukimbia aache kabisa kuufikiria. Asipige miongoni mwa watatu wa kwanza siku aliyolinda ova zote 50, hasa Januari na Februari ambapo joto na unyevu wa pwani yetu humkausha mtu mwili mzima. Na kocha anayemteua amhakikishie kabla ya mechi ya kwanza kwamba lawama za uteuzi wa kikosi zitabaki kwa aliyekiteua.