Kanuni kwanza au chapati kwanza?

Dhana: Katika kufundisha sehemu, kama 1/2 au 1/3, kanuni itangulie, mifano ifuate.

Mtoto aliyekaririshwa kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini), mwambie ajumlishe 1/2 na 1/3. Wengi huandika 2/5: moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Sasa mpe chapati akate nusu, kisha aweke theluthi pembeni yake. Amevuka nusu, wakati 2/5 haifiki hata nusu. Kosa analiona mwenyewe. Tena haanzi sifuri: anayetumwa dukani robo kilo ya sukari anaijua robo kabla ya kuiona ubaoni. (Theluthi ndiyo ngumu, dukani haiuzwi.)

Dhana: Basi vitu vinatosha. Akishika, ameelewa.

Hapa tunajikwaa walimu tunaojiona wazuri. Chapati inafundisha vizuri mpaka ifike 7/5. "Mwalimu, tumekata vipande vitano, saba tunatoa wapi?" Swali la haki kabisa, kosa ni la chapati. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza mwaka 1966 njia tatu za kujifunza: kutenda kwa mikono, picha, kisha alama, na Singapore ikajenga hesabu zake za msingi kwa mpangilio wa namna hiyo miaka ya 1980. Sisi picha tunairuka: leo vizibo vya soda, kesho ubao umejaa namba. Ilhali mstari wa namba unaibeba 7/5 bila taabu. Unapita 1 na kuendelea mbele.

Dhana: Utafiti umeshathibitisha kuwa alama tupu ni bora.

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha jaribio la Marekani ambalo wanafunzi wa chuo kikuu waliofundishwa kwa alama waliwapita waliofundishwa kwa vikombe na piza. Watafiti wa Ubelgiji walilirudia, wakaongeza mtihani wa vitu halisi, na mwaka 2011 wakaripoti kuwa katika mtihani huo waliofundishwa kwa vitu ndio walioongoza.

Dhana: Mfano mmoja mzuri unatosha.

Wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak walionyesha mwaka 1983 kuwa aliyelinganisha hadithi mbili zenye ufumbuzi wa aina moja huutumia kwenye tatizo jipya kwa wepesi kuliko aliyesoma moja. Kwa hiyo naweka robo kilo, gramu 250, karibu na robo saa, dakika 15, nauliza vinafanana nini. Kwanza hunijibu "havifanani." Nangoja. Mmoja akisema "vyote vimegawanywa mara nne sawasawa," ndipo nachukua chaki.