i7 ya Mpakato na i5 ya Mezani: Herufi Moja Inayobeba Tofauti Yote

Kila muhula unapoanza, kitengo chetu cha TEHAMA hupokea lalamiko lilelile. Mwanafunzi mmoja alituletea kompyuta mpakato iliyotumika, yenye kibandiko cha Core i7 pembeni ya kibodi, jina la daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta) linalouzwa kama la juu kuliko i5. Nyumbani walijibana ili apate i7, wakiamini i5 haitamtosha. Sasa alikuwa akihariri video ya mradi wake, na kila akiihamishia kwenye kompyuta za mezani za maabara, ambazo ni i5, kazi inaisha mapema kuliko kwenye mashine yake. Alitaka tumwambie imeharibika wapi. Haikuwa imeharibika.

Prosesa yake ni Core i7-7500U, ya mwaka 2016. Zile za maabara ni Core i5-7500, zilizotoka mapema 2017. Zote ni kizazi cha 7, yaani toleo la saba, cha kampuni ya Intel, na hata namba zimefanana. Lakini i7-7500U ina viini 2 vya kufanyia kazi, na i5-7500 ina viini 4. Ya kwanza imepangiwa wati 15, ya pili wati 65. Siri yote imo kwenye ile U ya mwisho, alama ya prosesa za mpakato zinazotumia umeme mdogo, na kibandiko hakiionyeshi.

Wati hizo ndizo za kuelewa kwanza. Ni kiasi cha umeme ambacho prosesa imekadiriwa kutumia kwenye kazi nzito ya muda mrefu, na umeme huo wote huishia kuwa joto. Kasha la mezani lina nafasi ya kipoza joto kinene na feni pana. Mpakato ina bomba jembamba la shaba na feni isiyozidi kiganja, kwa hiyo prosesa yake hutengenezwa tangu kiwandani ikiwa imebanwa.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, fungua Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uende kwenye ukurasa wa utendaji (Performance), sehemu ya CPU, yaani prosesa. Chukua mpakato yenye Core i5-8250U, ambayo kasi yake ya msingi ni gigahezi (kipimo cha kasi ya prosesa) 1.6 na ya juu kabisa ni 3.4. Ipe kazi nzito. Mwanzoni namba itapanda, pengine ipite 3. Baada ya muda, mara nyingi hata dakika haijaisha, itaanza kuteremka, halafu itulie mahali pa chini zaidi. Muuzaji anayekwambia "hii inafika 3.4" hasemi uongo, ila anakutajia kasi ya sekunde chache. Anayehariri video anahitaji kasi ya nusu saa.

Kwa kuandika ripoti, kufungua barua pepe au kusoma mtandaoni, tofauti ni ndogo. Kazi hizo huja kwa vipande vifupi na mara nyingi hutegemea kiini kimoja au viwili. Hapo i7-7500U hufika gigahezi 3.5 na i5-7500 hufika 3.8, pengo ambalo mtumiaji wa kawaida halihisi. Tena umeme ukikatika, mwenye mpakato anaendelea na kazi yake. Kwa mwanafunzi wa sheria au mhasibu wa duka, sioni sababu ya kumhamishia mezani.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Apple. Novemba 2020 walitoa prosesa ya M1 wakaiweka kwenye MacBook Air isiyo na feni kabisa, na pia kwenye Mac mini yenye feni. Kwa kazi fupi mashine hizo mbili huenda sawa. Kazi ikirefuka, Air hupunguza mwendo ili isipate joto kupita kiasi, na Mac mini huendelea.

Herufi nyingine ni chache. H au HQ kwenye mpakato ni prosesa yenye nguvu zaidi, kama i7-7700HQ yenye viini 4 na wati 45, ila mashine huwa nzito na chaji haikai. T ni ya mezani iliyopunguzwa: vile vikompyuta vidogo vya kubandika nyuma ya skrini mara nyingi hubeba i5-7500T ya wati 35, basi usidhani kila ya mezani ina nguvu kamili. Kizazi nacho kina uzito. Ile i5-8250U ya 2017 ina viini 4, na kwa kazi nzito inaishinda i7-7500U. Isitoshe, Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha 8 cha Intel, ukiacha prosesa chache, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukienda kununua iliyotumika, beba programu ya 7-Zip kwenye flashi. Ni ya bure, na ndani yake kuna kipimo cha kasi kinachovichosha viini vyote. Iwashe, uiache dakika kumi huku ukitazama gigahezi. Ikishuka chini ya kasi ya msingi wakati chaja imechomekwa, huenda feni imejaa vumbi au ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na kipoza joto imekauka. Fundi hulirekebisha hilo kwa kusafisha na kupaka upya, kwa hiyo mwambie muuzaji apunguze bei au alifanye kabla hujalipa.